Mtoto, Neno na Kitabu: Hotuba kwa Wazazi na Walimu wa Diani

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyosomwa na mwalimu mmoja mstaafu mbele ya wazazi na walimu wa watoto wadogo huko Diani, katika Kaunti ya Kwale. Tumeyachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa niseme juu ya mambo mawili: kuwafundisha watoto wadogo sarufi ya Kiingereza, na kuwafundisha kuitumia maktaba. Barua ya mwaliko iliyaandika kama mambo mawili yaliyo mbali, moja la darasani na jingine la baada ya darasa. Naomba ruhusa yenu niyafanye jambo moja. Katika miaka yangu ya kufundisha watoto wa umri wa miaka sita hata tisa, nimeona kwamba mtoto asiyejua kulichambua neno hawezi kulipata katika kamusi, na mtoto asiye na kitabu cha kutafuta haoni haja ya kulichambua neno.

Nitaanza na samaki, maana tuko Diani.

Darasani kwetu palikuwa na kitabu cha Kiingereza chenye picha za samaki wa Bahari ya Hindi. Mtoto mmoja wa darasa la tatu, ambaye baba yake alikuwa mvuvi, aliniuliza kama pono yumo. Nikamwambia kwamba Waingereza humwita pono "parrotfish", nikaliandika neno hilo ubaoni, nikamwelekeza kwenye faharasa, yaani ile orodha iliyo mwisho wa kitabu ambayo hupanga majina kwa taratibu ya herufi na kuonyesha kurasa zake. Akaenda, akakaa kitambo, akarudi na uso wa huzuni. "Mwalimu, hayumo." Nilipomfuata nikaona kidole chake ki penye herufi F. Alijua kwamba "fish" ni samaki. Na kwa kuwa katika lugha yetu kitu hutangulia na sifa yake hufuata, kama vile kitabu kikubwa na nyumba nyeupe, yeye alimtafuta samaki kwanza, akitumaini kumkuta pono nyuma yake.

Nikamwuliza, "Neno hili laanza na nini?" Akasoma, "parrot". Nikamwambia huyo ni kasuku. Waingereza huitanguliza sifa: hawasemi samaki wa kasuku, husema kasuku kwanza, samaki baadaye, kama wasemavyo "big book" pale tusemapo kitabu kikubwa. Akarudi kwenye herufi P, akapata nambari ya ukurasa, akaufungua, na kelele alizopiga zilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni. Kumbe pono ana meno yaliyoshikana kama mdomo wa kasuku, ambayo kwayo huguguna matumbawe, na mawe anayoyasaga hutoka tumboni mwake yakiwa mchanga mweupe. Sisi twamjua pono kwa usingizi wake, wao wamempa jina kwa mdomo wake. Mtoto yule alikwenda nyumbani kumweleza baba yake habari za mchanga, na hakusahau tena kwamba katika Kiingereza sifa hutangulia jina. Mimi nilikuwa nimemfundisha jambo hilo ubaoni mara nne, asilishike.

Basi hiyo ndiyo haja yangu ya leo. Nitasema kidogo juu ya sarufi yenyewe, kisha nirudi kwenye vitabu.

Mtoto wa Diani huja shuleni akiwa na mali nyingi ya lugha. Nyumbani asema Kidigo, njiani na sokoni Ukunda asema Kiswahili, na chuoni amekwisha kuzijua herufi za Kiarabu, ambazo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Akifika kwetu twampa Kiingereza, lugha ya nne. Mwalimu asiyeijua mali hii husema mtoto hajui kitu. Na mimi nimewaona watoto wa darasa la kwanza wakikifungua kitabu cha Kiingereza upande wa nyuma, mwalimu akawacheka, kumbe watoto walikuwa wakikishika kama walivyofundishwa kuushika Msahafu. Kabla ya kumfundisha mtoto kusoma Kiingereza, mwonyeshe kwanza kitabu kinapoanzia: hapa ni jalada, hapa ni jina la kitabu, hapa ni jina la aliyekiandika, na huu ni mgongo wake ambao huonekana kikisimamishwa katika rafu. Somo hilo ni la robo saa tu, lakini wengi hatulifundishi, kwa kuwa sisi wenyewe tumesahau kwamba tulifundishwa.

Tuje kwenye umoja na wingi. Kwa Kiswahili twasema kitabu, vitabu. Kwa Kidigo, chitabu, vitabu. Kwa Kiingereza, "book", "books". Mtoto hafundishwi hapa jambo jipya. Tangu akiwa na miaka mitatu anajua kwamba neno hubadilika likiwa la kitu kimoja au vingi. Kinachobadilika ni mahali pa kutazama: kwetu mwanzo wa neno, kwao mwisho wake. Mwalimu akiliandika jambo hili ubaoni kwa lugha zote tatu, mstari mmoja chini ya mwingine, mtoto huliona kwa macho yake bila ya kuhubiriwa.

Liko gumu zaidi. Twasema mvulana asoma, wavulana wasoma: alama ya wingi hukaa penye jina na penye kitendo pia. Mwingereza husema "the boy reads", lakini "the boys read". Ile herufi S ikikaa kwa jina, huondoka kwa kitendo. Mtoto wetu husema "the boys reads", na watu wazima husema amekosa kwa uvivu. La, hakukosa kwa uvivu, ameichukua adabu ya nyumbani akaipeleka ugenini. Mimi nilikuwa nikitumia kofia moja ya karatasi yenye herufi S. Mtoto mmoja husimama kuwa jina, mwenziwe huwa kitendo, na kofia ni moja: akiivaa huyu, yule hukaa kichwa wazi. Mchezo huu una mpaka wake, maana "children" na "men" ni wingi bila ya kofia, na darasani hakosekani mtoto mwerevu wa kukubana kwa hilo. Mwache akubane. Mwambie hao ni wakaidi, kisha mwandike orodha ya wakaidi, muitundike ukutani.

Kisha liko neno yeye. Lugha zetu hazitengi mwanamume na mwanamke katika neno hili, ndiyo maana mtoto husema "my mother he is going" wala haoni ubaya. Dawa yake si fimbo, ni mazoezi mafupi ya kila siku kwa kuwaonyesha watu walio mbele yake. Na liko lile -ni letu la mezani, sandukuni, mtini, ambalo halisemi kama kitu ki juu, ndani au chini. Chukua chaki na sanduku, weka chaki juu, weka ndani, weka chini, na kila mara mtoto aseme kwa Kiingereza. Baada ya siku tatu hutahitaji kulifundisha tena.

Walimu wenzangu, yote haya hayawezekani mtoto akiwa ameogopeshwa. Katika shule niliyosoma mimi, aliyesikiwa akisema lugha ya nyumbani alivikwa kibao shingoni, naye ilimpasa amtafute mwenziwe mwenye kosa hilo ampokeze. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliyaeleza mambo ya namna hii katika kitabu chake "Decolonising the Mind" cha mwaka 1986, na watu wa rika langu hawakuhitaji kuelezwa. Kibao kile hakikutufundisha Kiingereza. Kilitufundisha kunyamaza na kupelelezana. Mwenzangu mmoja aliyekuwa na maneno mengi kuliko sisi sote alikaa muhula mzima bila ya kusema neno lo lote ndani ya ua la shule, na hata leo, mzee mwenye wajukuu, akisikia Kiingereza hutazama chini. Naambiwa ziko shule ambazo bado zina vibao vya aina hiyo kwa majina mengine. Kama iko hapa kwetu, naomba kikachomwe kuni.

Katika nchi yetu shauri hili la lugha limegeuzwa mara nyingi. Mwaka 1957 walianza katika shule za Wahindi huko Nairobi kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na njia hiyo ikaenea. Tume ya Profesa Ominde katika taarifa yake ya mwaka 1964 iliiunga mkono. Mwaka 1976 tume ya Gachathi ilishauri kwamba miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, Kiingereza kiwe somo. Mtaala mpya ulioanza nchini kote mwaka 2019 umeshika njia hiyo hiyo kwa watoto wa chini. Na Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu anayemweleza mtoto sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili au kwa Kidigo havunji sheria yo yote, ingawa wako wazazi watakaomlaumu.

Wazazi hao nawafahamu. Wanaona hoteli zimejipanga ufuoni, wanaona watalii, nao wataka mtoto aseme Kiingereza upesi apate kazi. Ni haja ya halali. Lakini Kiingereza cha ufuoni mtoto hukipata mwenyewe bila ya ada, pamoja na maneno ya Kijerumani na Kitaliano, na wengi wakisemao vizuri hawawezi kuisoma karatasi ya mkataba wanayotiwa kidole kuisaini. Kusoma ndiko kunakohitaji shule.

Sasa turudi kwenye kamusi. Nilisema kwamba sarufi na maktaba ni jambo moja, na hapa ndipo mtaona. Mtoto akitaka maana ya neno "wanasoma" katika kamusi ya Kiswahili, akitafuta penye W hatalipata. Sharti aondoe "wa", aondoe "na", alipate "soma" penye S. Katika kamusi ya Kiingereza kazi ni ile ile, lakini kisu hukata upande wa pili: "reading" hupatikana penye "read", na "books" penye "book". Hiyo ni sarufi, tena ni sarufi yenye faida ionekanayo pale pale, maana mtoto asiyeijua hurudi mikono mitupu. Wale wakaidi wa ukutani huonekana tena hapa: wingi wa "mouse" ni "mice", na mtoto wa umri huu sharti aonyeshwe kwamba akitaka maana yake aende kwa "mouse".

Taratibu ya herufi ni lazima ifundishwe mpaka iwe kama kupumua. Watoto wengi huijua kwa wimbo tu, hata ukiwauliza ni ipi itanguliayo, M au P, huanza kuimba tangu A. Mimi niliwapanga foleni uani kwa majina yao. Siku ya kwanza walijipanga kwa jina la mtoto, siku ya pili kwa jina la mwisho, kama maktaba nyingi zinavyowapanga waandishi. Fatuma Ali aliyezoea kusimama karibu na Hamisi akajikuta wa kwanza kabisa, penye A, naye akalalamika kwamba amepewa mahali pa baba yake. Ni lalamiko zuri. Ngũgĩ niliyemtaja husimama penye N, kwa kuwa "wa Thiong'o" si jina la ukoo kwa desturi ya Wazungu, ni kusema mwana wa Thiong'o. Tena yako maneno madogo ya Kiingereza, "a" na "the", ambayo lugha zetu hazina, na watoto huyasahau au huyamwaga kila mahali. Katika orodha ya maktaba maneno hayo yakianza jina la kitabu hurukwa: kitabu kiitwacho "The Lion" hukaa penye L. Mtoto aliyekikosa kitabu mara mbili penye T hujua kwamba "the" ni mlinzi wa mlangoni tu, mwenye nyumba yuko ndani.

Vitabu visivyo vya hadithi maktaba nyingi huvipanga kwa tarakimu, kufuata mpango wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, uliogawa elimu yote mafungu kumi. Mtoto wa miaka minane hana haja ya kuyajua yote. Mpe yale yanayomhusu: 398 ngano na hadithi za wazee, 297 dini ya Kiislamu, 597 samaki, 599 wanyama wanyonyeshao, na humo ndimo walimo mbega wetu, wale weusi wenye mabega meupe wanaopita juu ya barabara ya Diani katika madaraja yao ya kamba. Mtoto aliyemwona mbega asubuhi akaenda kumtafuta penye 599 mchana hatasahau nambari hiyo.

Lakini mtasema, mwalimu, maktaba iko wapi? Swali hili ni la haki. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa likipeleka masanduku ya vitabu mbali na miji. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1965 iliweka Huduma ya Maktaba ya Taifa. Tangu mwaka 1996 huduma hiyo imepeleka vitabu kwa ngamia huko Kaskazini Mashariki, vikiwa katika masanduku ya mbao, kwa watoto wa wafugaji. Na Katiba ya 2010 imeyaweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo mzazi atakaye kuuliza anajua pa kuuliza: ni Kwale mjini, si Nairobi. Wakati tukiuliza, sisi hatuna haja ya ngamia. Twahitaji sanduku moja kwa kila darasa.

Hapa sina budi kuungama. Nilipokuwa mwalimu kijana nilipewa ufunguo wa kabati la vitabu katika shule moja ya pwani. Vilikuwa vitabu vizuri vya picha, vya Kiingereza na Kiswahili, na niliogopa vitapotea nami nitalipishwa. Nikalifunga. Wageni walipokuja nililifungua wavione, nikalifunga tena. Mwaka wa tatu, siku ya kuhesabu mali ya shule, tulivuta kitabu cha chini kikatoka nusu. Mchwa walikuwa wameingia kwa nyuma ya ukuta, wamekula rafu nzima. Vitabu vile havijapata kushikwa na mtoto hata mmoja. Katika daftari la mali vilikuwa vimeandikwa vyote kwa mkono wangu, kwamba vipo na ni vizima.

Tangu siku hiyo nimetumia sanduku lililo wazi. Lisimame juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa na unyevu wa pwani. Vitabu vivikwe magazeti au nailoni. Watoto wawili wawe wakutubi kwa juma moja, na daftari la kuazima waliandike wao wenyewe: jina la mtoto, jina la kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Watakosea. Wataandika "The Lion" penye T. Wasahihishane. Kila Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani kila mtoto achukue kimoja, na Jumatatu aseme sentensi tatu juu yake, mbili kwa Kiingereza na moja kwa lugha aitakayo. Katika masanduku yangu vilipotea vichache, na viwili vilirudi vimelowa maji ya bahari. Mchwa hawakula hata kimoja.

Nanyi wazazi msiosoma Kiingereza, msiseme hili si letu. Mtoto akileta kitabu, mwambie akueleze picha kwa Kidigo, kisha mwulize neno hili kwa Kiingereza ni nini. Akikosa wewe hutajua, na haidhuru kitu. Atakuwa amezitia lugha mbili katika mizani kwa dakika kumi, na hakuna zoezi la darasani lipitalo hilo. Mzee wa yule kijana wa pono hakujua kusoma. Alikuwa akimwuliza mwanawe jina la kila samaki aliyeshuka naye ngalawani, na mtoto ilimlazimu kulitafuta kabla ya usiku.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Pale chini ya mwembe nimeleta sanduku moja lenye vitabu arobaini, na daftari lake jipya ambalo halijaandikwa kitu. Mwalimu wa darasa la pili amekubali kulipokea leo. Naomba watoto waitwe kwanza wajipange kwa majina, ya baba mbele, nasi wakubwa tukae kando tuwaache wasukumane mpaka foleni ikae sawa.